Hakuna Mtu Ndani

Mtaa wa West Indies, Eldoret
14 Februari 2022

Mwanangu Cyril,

Pokea salamu za shangazi yako anayekuandikia akiwa jikoni, maana ndipo jua la asubuhi linapoingia. Mimi ni mzima, isipokuwa goti linanisumbua nikipanda ngazi za posta. Dada yako Apondi amejifungua salama kule Kesses, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, na wamempa jina la baba yenu, Ondiek. Ile cyber yake ya kompyuta karibu na chuo inaendelea vizuri. Wanafunzi wanakuja kuprinti kazi zao dakika ya mwisho na yeye anawagombeza vile nilivyokuwa nikimgombeza yeye. Wewe nasikia umepata kazi ya ofisi, huoshi tena wazee wa Kizungu. Mungu ni mwema, lakini hukusema ni ofisi gani, na mtu aliyekaa masjala miaka thelathini na moja hawezi kulala bila kujua jambo kama hilo.

Unauliza kwa nini sitaki tuzungumze mambo haya kwa simu. Cyril, umesoma sana lakini umesahau mengi. Ule mwaka mbaya wa vurugu za uchaguzi ulianza kwa ujumbe wa simu. Mtu anatumiwa maneno, anayatuma kwa watu kumi, na hao kumi hakuna anayejua yalitoka wapi. Barua ikifunguliwa na mtu mwingine, nitaiona bahasha.

Sasa neno lenyewe. Uchaguzi ni Agosti, na mimi nimeanza kuogopa Februari. Juzi tuliamka tukakuta kila mlango wa nyumba za kupanga za ploti yetu umeandikwa namba kwa chaki nyeupe. Jirani yangu Nasambu aliona wangu ni saba na wake ni nane, akakaa chini palepale mlangoni. Sikungoja maelezo, maana mwaka ule pia alama milangoni zilitangulia moto. Nilichukua kitambaa cha maji nikafuta milango yote kumi na miwili, goti likilia. Jioni akaja kijana wa kampuni ya maji akilalamika kwamba ameandika namba za mita na sasa itabidi aanze upya. Tulimwomba msamaha, tukacheka sana. Lakini Nasambu alianza kufunga vyombo vyake kwenye maboksi wiki hiyohiyo.

Niandikie kuhusu kazi yako. Nataka kusoma kitu kisichotisha.

Ni mimi,
Shangazi Perez


Harnley, Uingereza
9 Machi 2022

Mpendwa Shangazi,

Natumaini goti limepata nafuu na kwamba unatumia ile dawa ya kupaka, si kuihifadhi kabatini. Huku baridi bado inauma lakini mimi sina homa wala kikohozi. Mwambie Apondi picha za mtoto nimeziona na kwamba ana paji la uso la baba kabisa.

Kazi yenyewe utaipenda. Niko katika ofisi ya kumbukumbu, nanakili kwenye kompyuta historia ya uchaguzi ya jimbo moja la bunge ambalo halipo tena. Linaitwa Harnley Vale. Liliundwa mwaka 1950, na mwaka 2010 mipaka ikachorwa upya, likagawanywa kwa majirani wawili likaisha. Hakuna aliyeandamana. Nina makaratasi ya chaguzi kuu kumi na sita na uchaguzi mdogo mmoja, wa mwaka mbunge alipofariki. Kila mwaka nanakili waliojiandikisha, waliopiga kura, kila mgombea alipata ngapi, na kura zilizoharibika.

Mwaka 1964 mgombea wa chama chekundu alipata 19,214, wa buluu 19,207, na wa manjano 4,630. Tofauti ni kura saba, Shangazi. Walihesabu mara tatu. Gazeti la hapa linasema yule wa buluu, aliyekuwa na duka la viatu, alimpa mwenzake mkono kisha akaenda nyumbani kwa miguu na mkewe. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kura saba, na mtu akaenda nyumbani kwa miguu.

Nakuwekea nakala ya orodha nzima ujifurahishe nayo. Lakini nina ombi, nalo si la kufurahisha. Tafadhali ondoka Eldoret kabla ya Agosti. Nyumba yetu ya kijijini Ugunja iko tupu. Apondi ameniambia yeye na mumewe watahamia huko Julai na watoto.

Jambo la pili. Baba alifariki wapi hasa? Mimi nilikuwa chuoni, nikaambiwa presha ilimpanda akiwa uwanja wa kanisa mlikokimbilia. Juzi Apondi amesema jeneza halikufunguliwa hata mara moja. Mtu wa presha hafungiwi jeneza.

Mwanao,
Cyril


West Indies, Eldoret
4 Aprili 2022

Mwanangu Cyril,

Barua yako ilifika Ijumaa, bahasha ikiwa nzima. Mvua imeanza na wenye mashamba wanapanda. Mtoto wa Apondi amepata chanjo na hakulia, aliyelia ni mama yake. Goti ni lilelile.

Orodha yako nimeisoma kuanzia juu hadi chini, kisha nikaisoma na kalamu mkononi. Kazi ni safi lakini kuna kosa. Februari 1974, mwekundu 20,118, wa buluu 18,940, wa manjano 9,365. Wewe umeandika jumla 48,243. Nimejumlisha mara tatu, na mara ya tatu niliweka hadi vijiti vya kiberiti mezani. Ni 48,423. Kuna kura mia moja na themanini umezipoteza, na watu hao walitoka majumbani kwao kwenye baridi unayoisema. Irekebishe kabla bosi wako hajaiona.

Pia nimeona mwaka 1987 kura zilizoharibika ni 61 tu. Mimi nikisimamia kituo, katika chumba kimoja cha darasa nilipata zaidi ya hizo. Kuna mzee aliyemchorea mgombea wake masharubu.

Kuhusu kuondoka, bado ni mapema. Nimejiandikisha kupiga kura hapa Eldoret, na nikienda Ugunja kura yangu inakufa. Halafu kuna jambo linalonikosesha amani. Mwenye ploti yetu, Mzee Kimeli, alikuja Jumatano. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa mwenye zile nyumba za mbao tulizoishi zamani, na ndiye aliyenifuata Ugunja mwaka 2009 akasema amejenga za mawe, nirudi. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Aliniuliza nitasafiri tarehe ngapi. Si kama nitasafiri, Cyril. Tarehe ngapi. Nilimwambia sijapanga. Akatazama dirisha, akatazama mlango wa nyuma, akaondoka. Miaka kumi na tatu naishi katika nyumba ya mtu huyo na sijawahi kumwogopa hadi Jumatano.

Shangazi Perez


Harnley
10 Mei 2022

Shangazi mpendwa,

Salamu zangu kwako na kwa Nasambu kama bado yupo. Mimi ni mzima. Jumla ya 1974 nimeirekebisha na bosi wangu ameuliza ni nani aliyeligundua kosa. Nilipomwambia ni shangazi yangu wa Eldoret alidhani nafanya utani.

Alhamisi iliyopita kulikuwa na uchaguzi wa madiwani huku. Sikuwa nimekuambia, ila sisi tunaotoka nchi zilizotawaliwa nao tunaruhusiwa kupiga kura. Kadi yangu ilikuja kwa posta. Nikaamua niende, nione kwa macho yangu kile ninachonakili kila siku. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa. Hapakuwa na askari hata mmoja. Watu walikuwa wamefunga mbwa wao kwenye ukuta wa nje. Kando ya mlango aliketi mama mmoja mzee, ana utepe wa chama kifuani, karatasi magotini, na alikuwa akimwuliza kila anayeingia namba yake kisha anaandika.

Baadaye ofisini wameniambia ni desturi yao tu. Vyama vinataka kujua nani wa upande wao hajafika bado ili wamgongee mlango. Unaweza kukataa kumjibu, na yeye atakuambia asante. Lakini mimi pale sikuyajua hayo. Nilimwona mtu wa chama mlangoni mwa kanisa anaandika orodha ya walioingia, nikasimama. Alinitazama akatabasamu akasema habari ya asubuhi. Niligeuka nikaondoka haraka, na nilipofika kwenye kona nikaanza kukimbia. Mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, mchana kweupe, namkimbia bibi kizee.

Nilipofika nyumbani nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako. Nilikuuliza swali kuhusu baba, ukanijibu kuhusu kura mia moja na themanini. Mimi nina woga ambao sijui ulitoka wapi, kwa sababu mlinificha ulikotoka. Na sasa unaniambia mwenye ploti anatazama madirisha yako. Shangazi, ondoka.

Cyril


West Indies, Eldoret
13 Juni 2022

Cyril,

Hatujambo. Mahindi yamefika kiunoni. Apondi amekohoa kidogo, amepona.

Nasambu ameondoka. Lori lilikuja saa tatu asubuhi, wakapakia makochi, kitanda, friji, hadi nyaya za kuanikia nguo. Hapa kwetu kochi likipanda lori, mtaa mzima unahesabu. Wa nyumba namba nne wakaita lori siku ya pili, wa namba kumi na moja siku ya tatu. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyetukanwa. Muuza viazi bado ananiongezea kimoja juu ya mfuko na ananiita mama vilevile. Ni sisi wa kuja tu tunaotazamana. Mtoto akipasua puto barabarani, mimi nainama chini ya meza.

Mzee Kimeli amekuja tena, mara mbili. Mara ya pili alileta kufuli jipya, kubwa, akalipima kwenye mlango wangu kwa nje. Aliuliza kama mlango wa nyuma bado unafunguka. Nilimpa chai, hakuinywa. Nilimwuliza kufuli la nini. Akasema tutazungumza.

Sitaondoka. Usiniulize tena kuhusu baba yako, nakuomba. Kuna mambo nikiyaandika hayatafutika.

Perez


Harnley
1 Julai 2022

Shangazi,

Salamu. Nitakuwa mfupi kama ulivyokuwa mfupi.

Nimemaliza kunakili Harnley Vale. Miaka sitini, washindi na walioshindwa, na nilipofika mwisho nikagundua nilikuwa natafuta kitu ambacho hakimo. Nilikuwa natafuta ukurasa wa waliokufa. Hawana. Sisi tunao, ila hakuna aliyeuandika, na katika ukoo wetu anayejua kuandika ni wewe.

Sema. Chochote kile, sema. Nakuogopea kuliko ninavyoogopa kusikia.

Cyril


West Indies, Eldoret
25 Julai 2022

Mwanangu Cyril,

Barua hii nampa Nanyama, yule nesi tunayesali naye. Anasafiri keshokutwa kurudi kazini huko kwenu Uingereza na ameahidi kuitia posta akishuka tu. Apondi na watoto wako Ugunja tangu wiki jana. Mimi ni mzima wa mwili.

Ulidanganywa, na aliyekudanganya ni mimi.

Mwaka 2007 nilikuwa msimamizi wa kituo katika shule ya msingi. Tulihesabu vizuri. Mawakala wa vyama vyote walitia sahihi, nikapeleka sanduku na fomu zinakotakiwa, na nikabaki na nakala yangu. Niliiweka chini ya godoro katika ile nyumba ya mbao. Matokeo ya nchi yalipotangazwa na moshi ukaanza kuonekana upande wa chini, mimi na baba yako tulikimbilia uwanja wa kanisa. Tulifika salama, Cyril. Baba yako alifika salama. Asubuhi yake alikuwa ameketi kando yangu kwenye mkeka, anakula mkate, na hakuwa na presha yoyote.

Ndipo nikaikumbuka fomu. Niliingiwa na woga kwamba kesho wakubwa watanidai hesabu, na nikikosa ile karatasi watasema niliuza kura. Nchi inaungua, na mimi nafikiria jumla. Nikamwambia, Ondiek, hebu kimbia uniletee ile karatasi iko chini ya godoro. Hakubisha. Mimi ndiye mkubwa wake, nimemtuma tangu akiwa mdogo, dukani, mtoni, kwa majirani, na hajawahi hata siku moja kuniambia hapana. Aliuweka mkate juu ya mkeka akaenda.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza fomu ile. Hadi leo.

Kwa miaka yote hii nilijua nusu hiyo tu. Nusu nyingine nimeipata Jumanne iliyopita. Mzee Kimeli alikuja baada ya chakula cha mchana, na safari hii aliketi. Alianza kuzungumza akitazama sakafu. Alisema asubuhi ile vijana walifika getini kwake na petroli, wakamwuliza kama kuna watu katika nyumba za mbao. Yeye alikuwa ametuona tukiondoka na mifuko. Akawajibu hakuna mtu ndani, wote wameenda. Alidhani wakisikia hivyo watapita. Wakasema basi hiyo ni kazi rahisi, wakawasha. Hakujua baba yako alikuwa amerudi kwa kupitia ua wa nyuma. Alijua walipoanza kusikia sauti, na wakati huo hakuna aliyeweza kusogea.

Kisha aliniambia maneno ambayo nayaandika jinsi alivyoyasema. "Mama, hawa watu wakikuja tena, mimi nitasema tu vile nilisema. Sina kingine ya kusema. Sasa nataka safari hii nikisema hakuna mtu, ikuwe ukweli."

Nilimwambia kwamba ni mimi niliyemtuma Ondiek. Yeye alidhani baba yako alirudi kwa hiari yake, kufuata pesa au nguo. Tulilia, wazee wawili, saa nane mchana, redio ikitangaza bei ya maziwa.

Sijampa jibu. Ninaogopa kubaki, na ninaogopa zaidi kuondoka. Nikifikiria kutoka kwenye mlango huu naona kama namwacha ndani mara ya pili. Mtu aliyemtuma mwenzake kwenye moto ana haki gani ya kuwa wa kwanza kukimbia? Acha safari hii nikae mimi.

Sasa unajua. Hasira yako ni halali yako.

Perez


Harnley
31 Julai 2022

Shangazi,

Nisamehe kwa kutoanza na salamu. Barua yako imefika jana. Hii nimeipiga picha nikamtumia Apondi kwa simu. Ataiprinti Ugunja, na mumewe atakuletea mkononi, kwa sababu posta haitafika kwa wakati.

Sijui kama nimekusamehe. Nimejaribu kuuliza moyo wangu na haujibu. Jana nilikuchukia kuanzia asubuhi hadi saa kumi, halafu nikakumbuka ni nani aliyenilipia kila kitu tangu siku ile, na nani aliyenifundisha kupiga mstari chini ya jumla, nikachoka. Baba alikwenda kwa sababu ulimtuma. Vijana wale walichagua kuwasha. Sitaki kuchanganya mambo haya mawili, na sitaki wewe uyachanganye ili ujipe adhabu.

Unasema ukibaki utakuwa umemlipa. Hutakuwa umemlipa. Utakuwa umeniachia mimi jeneza la pili lililofungwa, na Mzee Kimeli utamfanya mwongo tena kwenye geti lake.

Kwetu mdogo hamtumi mkubwa. Najua. Ungekuwa karibu ungenichapa kwa maneno haya. Lakini wewe ndiye uliyemtuma baba yangu, naye hakubisha, na mimi ni mtoto wake. Leo nakutuma wewe. Toka kwenye nyumba hiyo kabla ya Jumapili. Usichukue karatasi yoyote. Usirudi kufuata kitu.

Cyril


Ugunja
18 Agosti 2022

Mwanangu Cyril,

Salamu kutoka nyumbani. Mume wa Apondi amenipeleka zahanati na goti limechomwa sindano. Mtoto ameanza kucheka na kila mtu. Kaburi la baba yako limeota nyasi, na jana nimelisafisha mwenyewe. Nimemwambia yote niliyokuandikia.

Utakuwa umesikia kwamba matokeo yametangazwa Jumatatu. Kura yangu haikupigwa. Eldoret hakuna kilichoungua. Watu wanasema tuliogopa bure, na huenda ni kweli, lakini mwili wangu haujaambiwa. Bado nikisikia pikipiki inasimama nje nanyamaza hadi iondoke.

Nilitoka Jumamosi tarehe sita, saa nne asubuhi, na mkoba mmoja. Mzee Kimeli alikuwa ananingoja nje na lile kufuli. Nilimpa ufunguo nikasimama kando ya geti na mume wa Apondi. Nilidhani atafunga mlango tuagane. Hakufunga. Alivua kofia akaingia ndani, na nikamsikia akipiga hodi kwenye mlango wa chumba changu cha kulala. Alingoja kidogo, akafungua. Akapiga hodi jikoni, akangoja. Akapiga hodi bafuni. Nilimwona kupitia dirishani akiinama kutazama chini ya kitanda, akainua hadi godoro. Nilitaka kumwita nimwambie mimi niko hapa nje, ananiona, lakini nilielewa kwamba hakuwa akinitafuta mimi. Alizunguka nyuma, akapiga hodi mara ya mwisho kwenye mlango wa ua. Kisha akarudi, akafunga, akavuta kufuli mara mbili, akaniambia hakuna mtu ndani.

Shangazi yako,
Perez